Kemia ya jikoni: mwongozo wa majaribio kwa walimu na wazazi wa Dodoma na Kanda ya Kati

Doa la mchuzi wenye bizari ya manjano kwenye shati jeupe la shule hugeuka jekundu mara linapopakwa sabuni ya mche, na likikamuliwa ndimu hurudi kuwa la njano. Mtoto anayefua shati lake mwenyewe siku ya Jumamosi ameliona jambo hilo, lakini ni nadra mtu kumwambia kwamba alichokiona ni kemia ileile atakayokutana nayo sekondari. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa Sayansi na Teknolojia wa darasa la tano hadi la saba, kwa mwalimu wa sekondari ambaye maabara ya shule yake bado haijakamilika, na kwa mzazi ambaye angependa kuona likizo ya mwanawe ina kazi yenye manufaa. Karibu kila kinachohitajika kinapatikana jikoni, katika genge la mtaani, katika duka la dawa, au katika masoko kama Majengo na Sabasaba.

Kabla ya jaribio lolote, naomba jambo moja lizingatiwe kuliko mengine yote. Povu linalofurika na rangi zinazobadilika huwafurahisha watoto, lakini mtoto aliyeshangilia tu hajajifunza kemia. Kwa hiyo kila mwanafunzi aandike katika daftari lake anachotarajia kabla ya kumimina chochote. Abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Na kila mara awepo na glasi au chupa moja ya kulinganishia, ambayo haikuongezewa kile kinachochunguzwa. Mwalimu akikosa muda wa majaribio yote, ni heri afanye moja kwa utaratibu huu kuliko kufanya sita mbiombio.

Vifaa na tahadhari

Kusanya chupa za maji za plastiki zinazoonesha ndani, za mililita 500 na zinazofanana, kwa sababu chupa zisizolingana huharibu ulinganisho. Ongeza glasi au vikombe vya plastiki visivyo na rangi, vijiko vya chai, kitambaa cheupe cha pamba cha kuchujia, plasta ya karatasi ya kuandikia majina ya vilivyomo, na sirinji ya mililita 10 isiyo na sindano. Sirinji hiyo huuzwa kwa bei ndogo katika duka la dawa, nayo ndiyo kifaa chenye thamani kubwa kuliko vyote katika mwongozo huu, kwa kuwa humwezesha mtoto kupima badala ya kukisia.

Majaribio yanayohitaji moto yasimamiwe na mtu mzima, na jiko la mkaa liwekwe nje au mahali penye hewa ya kutosha, kwa kuwa mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Sabuni, majivu na maji ya ndimu visiingie machoni. Vikiingia, jicho lisuuzwe mara moja kwa maji mengi safi. Hakuna kinachoonjwa baada ya kuingia katika jaribio, hata kama ni chakula.

Kuna vitu vitatu ambavyo watoto hawapaswi kuvigusa kabisa: kostiki soda inayotumiwa na watengeneza sabuni, maji ya betri ya gari, na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Hii ya mwisho ni ya hatari kwa namna ya pekee, kwa sababu ikichanganywa na siki, ndimu au dawa ya kusafishia choo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Mweleze mtoto sababu hiyo waziwazi, kwa kuwa mtoto aliyeanza kupenda kuchanganya vitu ataendelea kuchanganya hata usipokuwapo.

Asidi na besi: rosela, zabibu na manjano

Kiashiria ni kitu kinachobadili rangi kulingana na asidi (kitu chachu kama ndimu) au besi (kinyume cha asidi, kama maji ya majivu) iliyopo. Shule nyingi hungoja karatasi za litimasi, yaani viashiria vya maabara, ilhali rosela, ambayo wengine huiita choya, hustawi katika mikoa ya Dodoma na Singida na huuzwa ikiwa imekaushwa.

Weka konzi moja ya rosela kavu kwenye bakuli, mimina vikombe viwili vya maji ya moto, funika kwa robo saa, kisha chuja. Utapata maji mekundu sana, na hapa ndipo wengi hukwama: rosela yenyewe ina asidi, hivyo maji yake yakiwa mazito huimeza besi yote unayoiongeza na rangi haibadiliki. Punguza sehemu moja ya maji hayo kwa sehemu nne au tano za maji safi, mpaka upate rangi ya waridi nyepesi, ambayo mtoto anaweza kusoma maandishi ya daftari kupitia glasi. Tumia maji ya mvua kwa kazi hii. Ukitumia maji ya bomba au ya kisima na rangi ikaanza kuelekea zambarau kabla hujaweka kitu kingine, usiyamwage, maana hayo tayari ni matokeo. Yaandikwe daftarini, na sababu yake itaonekana katika jaribio la maji.

Panga glasi katika mstari juu ya karatasi nyeupe na uweke mililita 20 za kiashiria katika kila moja. Katika glasi ya kwanza ongeza mililita 2 za maji ya mvua, nayo iwe ya kulinganishia. Katika zinazofuata ongeza kiasi hichohicho cha maji ya ndimu, siki nyeupe, maji ya ubuyu, maji ya juu ya maziwa mgando, mmumunyo wa magadi soda (ile inayoitwa pia baking soda), maji ya sabuni ya mche, na maji ya majivu yaliyochujwa. Maji ya majivu hupatikana kwa kukoroga vijiko vitatu vya majivu ya kuni katika glasi ya maji, kuyaacha yatulie, kisha kuyachuja kwa kitambaa. Ukitaka kuongeza ukwaju, tengeneza pia glasi yenye ukwaju na maji matupu, kwa sababu hudhurungi yake huficha rangi ya kiashiria na bila ulinganisho huo mtoto ataandika alichodhani badala ya alichoona.

Glasi zenye ndimu, siki, ubuyu na maziwa zitabaki nyekundu au zitakolea. Yenye magadi soda itaelekea zambarau au buluu. Na yenye majivu itakuwa ya kijani. Kwa kuwa kiashiria kilianza kikiwa na wekundu, watoto wengine husema asidi haikufanya lolote, na wana haki ya kusema hivyo. Wajibu kwa jaribio badala ya maneno: ongeza chembe kidogo za magadi soda kwenye kiashiria kipya mpaka kiwe cha zambarau, ukigawe katika glasi mbili, na uongeze ndimu tone kwa tone katika glasi moja. Wekundu utarudi mbele ya macho yao, na mapovu madogo yatapanda.

Kisha chukua ile glasi ya kijani yenye majivu na uirudishe kwa ndimu vivyo hivyo, ukimtaka mtoto mmoja ahesabu matone na mwingine ataje rangi zinazopita. Fanyeni hivyo mapema. Rangi ya rosela huharibika ikikaa muda mrefu ndani ya besi kali. Glasi hiyo ikiachwa hadi kesho yake hugeuka ya njano, na ndimu haiwezi tena kuirudisha. Tofauti hiyo ni nzuri sana kwa kufundishia, kwa sababu inaonesha badiliko linalorudi nyuma na lisilorudi katika glasi ileile.

Wanaoishi karibu na mashamba ya zabibu wana kiashiria kingine. Jiji la Dodoma na vijiji vyake huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na kituo cha utafiti cha Makutupora kimehusika kwa miaka mingi na zao hilo. Menya maganda ya zabibu nyeusi, yachemshe katika maji kidogo kwa dakika tano, chuja, na uyatumie kama rosela. Rangi za rosela na za maganda ya zabibu ni za jamii moja, zinazoitwa anthosayanini, na ndiyo maana hufuata mpangilio unaokaribiana.

Manjano hufanya kazi kwa namna nyingine. Koroga kijiko kimoja cha chai cha manjano katika vijiko vinne vya spiriti, mbali kabisa na moto, chovya vipande vya karatasi nyeupe na uviache vikauke. Karatasi hizo hubaki za njano katika siki, ndimu na maji, lakini huwa nyekundu ya kahawia katika majivu na sabuni ya mche. Hapa pana swali ambalo ningependa kila mwanafunzi alijibu mwenyewe: je, karatasi ya manjano inaweza kutofautisha siki na maji? Haiwezi, na mtoto anayegundua hivyo ameelewa kwamba kila kipimo kina mpaka wake.

Maji ya Dodoma na sabuni isiyotoa povu

Kama mwalimu ana kipindi kimoja tu katika muhula mzima, ningemshauri achague jaribio hili, kwa kuwa kila nyumba ina sababu ya kutaka kujua matokeo yake. Sehemu kubwa ya maji ya Jiji la Dodoma hutoka katika visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa jiji, na vijiji vingi vya Dodoma na Singida hutegemea visima pia. Maji yanayopita ardhini huyeyusha madini ya miamba, hasa ya kalsiamu na magnesiamu, na maji yenye madini hayo kwa wingi huitwa maji magumu. Dalili zake zinafahamika: ukoko mweupe ndani ya birika, sabuni inayokataa kutoa povu, na utando wa kijivu unaoelea kwenye beseni la kufulia.

Tayarisha aina nne za maji, mililita 100 za kila aina, katika chupa nne zinazofanana: maji ya mvua, maji ya bomba, maji ya kisima, na maji ya bomba yaliyochemshwa kwa robo saa, yakapoa na kuchujwa. Mvua za Dodoma hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo ni busara kuweka dumu moja la maji ya mvua kwa ajili ya miezi ya kiangazi. Yakikosekana, chemsha maji katika sufuria, shikilia juu yake mfuniko mkavu kwa mshazari, na ukinge matone yanayotiririka kutoka kwenye mfuniko. Hayo ni maji yaliyotoka katika mvuke, na madini yamebaki sufuriani. Mtu mzima ndiye ashike mfuniko, kwa kitambaa kinene, kwa kuwa mvuke huunguza vibaya.

1. Kwangua sabuni ya mche hadi upate vijiko viwili vya chai, uyeyushe katika mililita 100 za maji ya mvua yenye vuguvugu, na uache yapoe.
2. Kwa sirinji, ongeza mililita 1 ya maji hayo ya sabuni katika chupa ya kwanza, funga kifuniko, utikise kwa nguvu mara kumi, kisha uisimamishe.
3. Kama povu limetoweka kabla ya nusu dakika kupita, ongeza mililita nyingine moja na kutikisa tena. Endelea mpaka povu lidumu kwa nusu dakika nzima.
4. Andika jumla ya mililita zilizotumika, kisha rudia kwa chupa nyingine, anayetikisa akiwa ni mtu yuleyule.
5. Osha chupa zote na kurudia jaribio lote kwa kutumia sabuni ya unga ya kufulia badala ya sabuni ya mche.

Maji ya mvua yatatoa povu kwa sabuni kidogo sana na yatabaki meupe kiasi, ilhali maji magumu yatakuwa na ukungu na chembe zinazoelea kabla ya povu lolote kusimama. Sababu ni kwamba sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta na alkali (besi inayoyeyuka katika maji), na kalsiamu ikikutana nayo huungana na ile sehemu ya mafuta na kufanya kitu kisichoyeyuka. Sabuni ya kwanza yote huishia katika utando huo; hadi kalsiamu ikishashikwa, ndipo sabuni inayobaki hufanya kazi ya kusafisha. Sabuni ya unga imetengenezwa kwa namna ambayo kalsiamu haiigandishi kwa urahisi, ndiyo maana katika hatua ya tano tofauti kati ya chupa hupungua sana. Waache wanafunzi wakadirie wenyewe ni kipande gani cha sabuni kinachopotea nyumbani kwao kila wiki kabla nguo moja haijatakata.

Chupa ya maji yaliyochemshwa itazua mjadala. Ikiwa imehitaji sabuni kidogo kuliko ya maji ya bomba, basi sehemu ya ugumu imeondolewa na moto: kalsiamu iliyokuwa imeyeyuka pamoja na kabonidayoksaidi imegeuka kuwa kalsiamu kaboneti, isiyoyeyuka, nayo ndiyo ukoko wa birika. Ugumu uliobaki ni ule ambao moto hauwezi kuuondoa. Hiyo ndiyo sababu pia ya kiashiria cha rosela kuelekea zambarau kilipoongezewa maji ya bomba, kwa maana maji yenye madini hayo huwa na ubesi kidogo.

Ukoko wenyewe uchunguzwe. Kwangua kidogo kutoka katika birika kuukuu, uweke kwenye kisosi na udondoshee ndimu. Mtoto akiinamisha sikio karibu na kisosi atasikia mchemko mwembamba, na akitazama kwa makini ataona vipovu vikizaliwa pembeni mwa chembe moja moja na kuzisukuma kutoka mahali pake. Asidi inavunja kaboneti na kutoa kabonidayoksaidi. Siku hiyohiyo birika zima lisafishwe kwa siki au ndimu iliyochanganywa na maji, likaachwa kwa saa chache na kusuuzwa vizuri.

Kuna jambo la ziada ambalo mama yeyote anayepika makande analijua. Maharage na kunde huchelewa kuiva katika maji magumu, kwa kuwa kalsiamu hukaza kuta za punje, na ndiyo maana watu huongeza magadi, ambayo huiondoa kalsiamu hiyo katika maji na kulainisha punje. Wanafunzi waambiwe pia upande wa pili: magadi mengi huharibu vitamini B1 iliyomo katika maharage, hivyo kuyaloweka usiku kucha ni njia bora zaidi, tena huokoa mkaa.

Gesi: magadi soda na hamira

Weka mililita 70 za siki nyeupe katika chupa. Ndani ya puto, tia kijiko kimoja cha chai cha magadi soda kilichosawazishwa, ambacho ni takribani gramu 5. Vuta mdomo wa puto juu ya mdomo wa chupa bila kumwaga, kisha uinue puto ili unga uanguke wote kwa mara moja. Vipimo hivyo si vya kubahatisha: gramu 5 za magadi soda huhitaji karibu mililita 70 za siki yenye asidi asilimia 5 ili vyote viishe pamoja, na gesi inayotoka huzidi lita moja. Rudia kwa mililita 35 za siki, halafu kwa mililita 140, bila kubadili magadi soda. Puto la mililita 35 litakuwa dogo kwa wazi, lakini la mililita 140 halitazidi sana lile la kwanza, kwa kuwa magadi soda yamekwisha. Chupa isifungwe kwa kifuniko hata kwa utani, maana itapasuka.

Anayetaka kuendelea arudie kwa maji ya ubuyu badala ya siki. Tumia ubuyu mweupe wa unga, usiotiwa rangi wala sukari. Ili kuona tabia ya gesi yenyewe, changanya siki na magadi soda katika jagi, subiri povu litulie, kisha inamisha jagi taratibu juu ya mshumaa mfupi unaowaka ndani ya glasi, kama anayemimina maji, lakini kimiminika chenyewe kisitoke. Mshumaa utazimika, kwa sababu kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa na huifukuza oksijeni iliyouzunguka utambi.

Hamira hutoa gesi hiyohiyo kwa njia nyingine: ni kiumbe hai kinachokula sukari. Weka katika kila chupa kijiko kimoja cha chai cha hamira kavu, vijiko viwili vya sukari na mililita 100 za maji, kisha uvishe maputo. Chupa ya kwanza iwe na maji ya mtungini, ya pili maji ya vuguvugu, ya tatu maji ya moto, na ya nne maji ya vuguvugu bila sukari. Shule nyingi hazina kipimajoto, lakini kuna njia ya kukadiria. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapa kwa takribani nyuzi 96 za Selsiasi badala ya 100. Kikombe kimoja cha maji yanayochemka kikichanganywa na vikombe vitatu vya maji ya kawaida hutoa joto la karibu nyuzi 40, ambalo hamira hulipenda. Vipimo vilivyo sawa, kikombe kwa kikombe, hufikia karibu nyuzi 60, na joto hilo huiua. Baada ya saa moja, maputo yatamweleza mpika maandazi kwa nini unga wake uligoma kuumuka siku alipokandia maji ya moto.

Wanga, iodini na vitamini C

Nunua chupa ndogo ya iodini ya vidonda katika duka la dawa. Hutia madoa yasiyotoka upesi na ni sumu ikinywewa, hivyo mwalimu aishike mwenyewe na kudondosha tone mojamoja. Tone moja juu ya ugali wa mtama, kiazi, wali au muhogo hutoa rangi ya buluu iliyokaribia weusi. Juu ya sukari, chumvi au zabibu hubaki kahawia. Linganisha ndizi mbichi na iliyoiva sana: ya kwanza itakuwa nyeusi na ya pili itabadilika kidogo tu, kwa kuwa katika kuiva wanga wake umegeuka kuwa sukari.

Sehemu inayonivutia zaidi ni hii inayofuata. Chemsha kijiko kimoja cha chai cha unga wa muhogo katika kikombe cha maji, uache upoe na kutulia. Mimina mililita 50 za maji safi katika glasi, ongeza mililita 5 za yale maji ya wanga ya juu, na matone mawili ya iodini. Yote yatakuwa ya buluu. Kisha, kwa sirinji, ongeza maji ya chungwa kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka buluu itoweke, na uandike mililita zilizotumika. Vitamini C huibadili iodini ili isiweze tena kuutia wanga rangi, kwa hiyo kinywaji chenye vitamini C nyingi huhitajika kidogo, na chenye kidogo huhitajika kwa wingi.

Rudia kwa ndimu, na kwa maji ya ubuyu yaliyotengenezwa kwa vijiko viwili vya chai vya unga katika mililita 100 za maji na kuchujwa. Lazima pia urudie kwa siki nyeupe. Siki ni chachu lakini haina vitamini C, na buluu itabaki palepale. Bila hatua hiyo mwanafunzi ataondoka akiamini kwamba uchachu ndio uliofuta rangi. Mwisho, chemsha sehemu ya maji ya ubuyu kwa dakika kumi, rudishia maji yaliyopotea kwa mvuke ili ujazo uwe uleule, na upime upya. Kama mililita zimeongezeka, moto umeharibu sehemu ya vitamini, na darasa litajua ni wakati gani unafaa kuongeza ubuyu katika uji: jikoni kabla, au mezani baadaye.

Mawili yanayohitaji subira

Yai bichi likizamishwa katika siki kwa siku mbili, siki ikibadilishwa siku ya pili, hupoteza ganda lake lote, kwa kuwa ganda nalo ni kalsiamu kaboneti kama ukoko wa birika. Linabaki na ngozi laini inayopitisha maji. Likiwekwa usiku mzima katika maji matupu huvimba, na katika maji mazito ya sukari hunywea. Lipimwe mzunguko wake kwa uzi kabla na baada.

Kwa fuwele za chumvi, koroga chumvi katika mililita 100 za maji mpaka isiyeyuke tena, ambayo ni kama gramu 36, chuja, na ugawe katika visosi viwili. Kimoja kikae kivulini ndani ya nyumba na kingine juani chini ya chandarua cha kuzuia vumbi. Upepo mkavu wa Dodoma wa Julai na Agosti humaliza cha nje upesi sana, lakini fuwele kubwa zenye pembe nne zilizonyooka zitapatikana katika kile cha kivulini, ambako chembe zilipata muda wa kujipanga.

Baada ya kazi

Maji ni ghali katika Kanda ya Kati, kwa hiyo vipimo vyote humu vimewekwa vidogo kwa makusudi. Maji ya rosela, siki na magadi soda yakiwa kidogo yanaweza kumwagwa pembeni mwa uwanja, lakini yenye chumvi au sabuni yasimwagwe kwenye bustani ya mboga. Glasi zenye iodini ziongezewe maji ya chungwa au ubuyu mpaka buluu ipotee, ndipo zimwagwe. Mayai, ndizi, ugali na viazi vilivyotumika vifukiwe shimoni, visipewe kuku wala mtoto mdogo. Vyombo vya jikoni vilivyoazimwa vioshwe kwa sabuni na kurudishwa siku hiyohiyo, isipokuwa glasi, vijiko na sirinji vilivyoguswa na iodini, ambavyo vitiwe alama na kutunzwa katika kasha lake pamoja na karatasi za manjano, kwa ajili ya darasa litakalofuata.